Mama Alijua Miguu Tu

Watu wakinikuta hapa Kimemi, mjini Butembo, na kikapu changu cha vitunguu, wakaanza kuongea habari za haki na za tribunali, za mahakama, mimi nacheka. Wananiuliza, "Mama, unacheka nini?" Nawaambia endeleeni tu, nasikiliza. Mume wangu alifungwa kwa maneno ya mama yangu mzazi, na mama alikuwa ameshuka mlimani kuja kumtetea. Sasa mtu wa namna hiyo mnataka afanye nini kama si kucheka? Kulia nililia zamani, nikamaliza.

Nianze na bukwe, maana bila bukwe hutaelewa kitu. Kwetu, kule juu upande wa Lubero, mwanamume na mama wa mke wake hawaangaliani. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ni kali kuliko chuki, kwa sababu chuki watu husahau. Mukwe akija kusalimia, mama mukwe anaingia nyuma ya mkeka. Wakikutana njiani, mmoja anaingia katika shamba la watu, hata kama kunanyesha, hata kama mwenye shamba ana mbwa. Jina la mukwe halitamkwi. Akiwa na neno la kumwambia, analiambia jiko au mbuzi, na mukwe anasikia upande wake kama mtu anayepita tu.

Chakula anakisukuma chini ya mkeka. Na hapo chini ndipo anapoona kitu kimoja cha mukwe wake: miguu. Mume wangu alikuwa anavua viatu mlangoni kwa adabu, donc, yaani kwa hiyo, mama aliijua ile miguu vizuri kuliko mimi niliyekuwa naiosha. Kidole kidogo cha mguu wa kuume kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake, jembe lilimkata akiwa mtoto. Mama alikuwa ananitania, "Mume yako ni muvivu mupaka vidole. Kamoja kanalala juu ya kengine." Uso wake hakuwahi kuuona. Siku ya harusi yetu aliangalia chini tangu kanisani mpaka nyumbani, akajikwaa mara nyingi, watu wakamsifu sana.

Mume wangu alikuwa shofere wa kamyo ya serikali, lori la kubeba viazi na mboga. Uhuru ulipofika Wazungu wakaenda, kamyo ikabaki, na yeye akabaki na kamyo. Wakati ule shofere alikuwa mtu mkubwa Butembo. Watu walimsalimia kabla ya kumsalimia mwalimu, na mimi mke wake nilikuwa natembea sokoni shingo imenyooka. Nisiseme uongo, niliupenda uhuru.

Kisha uasi ukafika. Vijana wenye majani kichwani, waliopewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Walikuwa na bunduki, walikuwa na dawa, walikuwa na magari waliyoyakuta. Walichokosa ni watu wa kuyaendesha. Dawa ya kugeuza risasi walikuwa nayo, ya kuingiza vitesi, gia za gari, hawakuwa nayo. Wakaanza kuwasaka mashofere nyumba kwa nyumba, na shofere aliyekataa hakurudi kwake.

Mume wangu akaacha kamyo kwenye kiwanja cha bureau, ofisi ya serikali, ufunguo ndani. Akaniambia, "Babebe chuma, baache roho." Mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonya, nikabaki. Kwenda kwa wazazi wake hakuweza, huko ndiko wangetafuta kwanza. Akafikiri vizuri, maana mume wangu alikuwa mtu wa kufikiri, akaona kuna nyumba moja tu duniani ambayo hakuna mtu angemtafuta ndani yake. Akapanda mlima usiku huo kwenda kwa mama mukwe.

Mambo ya kule sikuyaona. Nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, maana pamoja hawakuweza. Mama alikuwa anachambua maharagwe mbele ya nyumba. Akaona miguu imesimama, ina matope, kile kidole kimelala juu ya mwenzake. Akageuka haraka, akaangalia mafiga. "We mafiga," akasema, "kama kuko mutu anakimbia kufa, heshima itangoja kidogo. Aingie mu chumba yangu. Mi nitalala huku na mbuzi." Na mume wangu, ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti cha kile chumba, akavuka, akalala katika kitanda cha mama mukwe wake. Ee Mungu wangu! Mgeni hawezi kujua jambo hilo lina uzito gani. Kwetu mtu angeona nafuu kukubali wizi.

Vijana wa uasi wakapanda hadi kule. Wawili kati yao walikuwa wana wa kilima chetu, waliokula viazi vya mama. Wakamuuliza, "Mama, mukwe yako iko wapi? Tunamutafuta atuendeshee kamyo." Mama, ambaye hakujua kusema uongo na hakuwa na umri wa kujifunza, akawajibu, "Iko mu kitanda yangu. Muingie, mumutoshe."

Wakatazamana. Mmoja akajifunika uso kwa mkono. "Aka, mama! Tulikukosea nini, ukatutukana vile?" Wakaondoka mbio. Yule mdogo wao alirudi baadaye peke yake kuomba msamaha kwa kumkasirisha mama wa watu, akampasulia na kuni.

Basi ndivyo mume wangu alivyopona. Alikaa kule mpaka jeshi la serikali likarudi na waasi wakakimbilia msituni. Hapo akashuka, akafua shati, akanyoa ndevu, akaenda bureau kuuliza kamyo yake. Nilimwambia ngoja kidogo, tuone upepo unavumaje. Akanicheka, "Mi ni mutu ya État, ya serikali, na État imerudi."

Kamyo ilikuwa imerudi kweli. Waasi walikuwa wameiendesha mpaka Beni na zaidi, imejaa watu na bunduki. Jeshi lilikuwa limeikamata pamoja na aliyekuwa usukani, mtu wa mbali ambaye waasi walimshika njiani wakamkalisha pale kwa nguvu. Huyo simlaumu, angekataa wangemuua. Mais lakini jeshi nalo lilikuwa na bunduki nyingi na halikuwa na shofere. Donc wakamwacha pale pale alipokuwa. Yeye hakubadilisha hata kiti, alibadilisha abiria tu.

Mume wangu akasimama mbele ya soda mmoja, askari aliyekaa mezani. Soda akamuuliza, "We njo shofere ya camion ya État?"

"Ndiyo, chef."

"Camion ya État ilibeba waasi?"

"Nasikia vile, chef."

"Donc ni wewe."

Lile neno donc! Tumelitumia sote, mimi mwenyewe nalitumia kila siku nikiuza vitunguu, hata leo nimeshalitumia. Mais siku ile nililichukia kama nyoka. Kesi ya mume wangu iliisha pale, na kilichofuata Beni kilikuwa sala za kumalizia misa.

Walimtia buloko, gerezani. Wale waliobeba waasi walikuwa wanapigwa risasi, jambo hilo kila mtu alilijua, hata watoto walicheza mchezo wake. Nikaenda kwa wakubwa nikasema mume wangu hakuwa Butembo wakati kamyo inaondoka, alikuwa kwa mama yangu. Wakaniambia kinywa cha mke ni kinywa cha mume, lete mtu mwingine. Mtu mwingine alikuwa mmoja tu. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda mlima.

Nilimkuta mama anamenya viazi. Nikamweleza: asiposhuka Beni kusema mukwe wake alilala wapi, watamuua. Akamenya kimoja, akamenya kingine, akamaliza kikapu chote, na mimi nasimama pale nina hamu ya kumnyang'anya kile kisu. Hofu yake niliijua. Angesimama mbele ya wanaume wa mataifa yote na kusema kwamba mukwe wake alilala katika kitanda chake. Mwisho akapangusa mikono. "Nitaenda," akasema. "Mais hapana kumuangalia. Hiyo basiniombe."

Tribunali ilikuwa katika darasa la shule, kule Beni. Joto la Beni mama hakulizoea, na alikuwa amejifunika kitenge kichwa kizima, jasho linamtoka, akaingia akishika ukuta. Juge, hakimu wao, alikuwa mkubwa wa jeshi kutoka mtoni kule chini, mtu mpole, mwenye rozari mfukoni. Mkalimani wake alikuwa mwalimu aliyeletwa kutoka Kasai, anajua Kifaransa chote na Kiswahili cha kitabu. Hawakuwa watu wabaya. Hiyo ndiyo inaniudhi mpaka leo. Mtu mbaya ungemlaani ukalala usingizi wako.

Wakamsimamisha mama katikati. Mume wangu alikuwa ameketi upande wa dirisha kati ya masoda wawili. Mama alipoona tu kwamba kuna mtu upande ule, akageuka, akawapa mgongo yeye na juge pamoja, akasimama uso kwa ubao mweusi wa darasa.

"Mama, geuka," mkalimani akasema. "Mtazame mshitakiwa."

"Hapana."

"Unamjua mtu huyu?"

"We ubao," mama akaanza, kwa sauti ndogo, "ambia ule muzee, namujua."

Masoda wakacheka. Juge akauliza kama mama ana akili timamu, mkalimani akasema anaonekana kuogopa. Juge akainama mbele, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, umewahi kuona uso wake?"

Wewe unayenisikiliza, unajua jibu. Mama alikuwa ameapa kwa Biblia, mkono wake ulikuwa bado una jasho la ile Biblia. "Hapana," akasema. "Hata siku moja."

Nikasikia kalamu ya karani inaandika. Nikaruka kutoka kwenye benchi, nikapiga kelele: ni bukwe, muzee, ni heshima, kwetu haangaliwi, uliza mtu yeyote! Juge akainua mkono. "Desturi si sheria ya Jamhuri," akasema. "Mtu akilala kwako, unamwona uso. Mama, alilala kwako huyu?"

Nilimwona mama mabega yanapanda na kushuka. Kisha akausemea ubao, na alisema kwa nguvu, nampa heshima yake kwa hilo: "Mutu alilala. Mu kitanda yangu. Mukwe."

"Ulijuaje ni mukwe kama hukumwona uso?"

"Kwa miguu."

Darasa zima likacheka, hata yule soda wa mlangoni. Soda mmoja akasema kwa Lingala bokilo, yaani mkwe, huyu ni mkali. Mais juge hakucheka, akafikiri, na hapo ndipo nilimpenda kwa dakika moja. Akasema, "Sawa. Haki itazame kila kitu. Mleteni, asimame nyuma ya mama. Mama ainamishe macho, aone miguu."

Nikamshukuru Mungu. Nikasema moyoni, kumbe mugeni naye anaweza kuwa na macho! Masoda wakamshika mume wangu makwapani, wakamleta. Nikashangaa kwa nini wanamshika, mtu mwenye miguu yake. Nikatazama chini.

Miguu haikuwepo. Palikuwa na vitu viwili vimevimba, vyeusi, vimepasuka, ngozi inang'aa kama ya chura. Walikuwa wamempiga nyayo na juu ya miguu tangu siku ya kwanza, ili aseme aliwapeleka waasi wapi. Vidole vilikuwa vimemezwa na uvimbe. Kile cha pembeni kilichokuwa kinalala juu ya mwenzake hakikuonekana, hakuna kilichokuwa juu ya kingine.

Mama akainama, kitenge kimemfunika uso, akaangalia. Aliangalia kwa uangalifu, hakuharakisha, maana mtu alikuwa anangoja kufa au kupona kwa neno lake na yeye alitaka neno liwe la kweli. Alitafuta kile kidole. Nilimwona anakitafuta.

"Mama, walimupiga!" nikapiga kelele. "Walimupiga!" Wakanikamata mikono wakanitoa nje na mtoto wangu, na kupitia dirishani nikasikia jibu lake.

"Hapana," mama akasema. "Hii hapana miguu yake."

Juge alimsifu. Mkalimani alitafsiri sifa zile neno kwa neno, kwa Kiswahili kizuri. Alisema katika vita hivi ameona wake, baba na mapadri wakiapa uongo kwa ajili ya watu wao, na leo ameona mama mmoja aliyekataa kumdanganya Mungu hata kwa ajili ya mukwe wake. Kwa heshima ya mama huyo mkweli, tribunali haitamuua mshitakiwa. Miaka kumi. Masoda wakampa mama kiti na maji. Mtu mmoja akampigia makofi.

Wakampakia mume wangu kwenye kamyo kumpeleka gereza. Kamyo gani? Ile ile, mnafikiri kulikuwa na nyingine? Usukani yule yule. Akaniangalia kutoka dirishani, akashusha macho, akaniambia, "Pole, mama." Na kutoka nyuma, juu ya mbao, nikasikia sauti ya mume wangu: "Ndugu, vitesi ya pili inakwama. Uibembeleze, usiilazimishe!" Nililia pale barabarani, nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

Tulipofika kwake nikamwambia kila kitu: ile ilikuwa miguu yake, walikuwa wameivimbisha kwa fimbo. "Niliapa," akasema. "Nilitafuta kidole, sikukiona." Akaingia ndani, na tangu siku ile hakulala tena katika kile kitanda. Alilala jikoni na mbuzi, na aliyemuuliza kwa nini alijibiwa kwamba mbuzi wana joto.

Ile miaka kumi haikufika kumi. Léopoldville, mji mkuu, kukabadilika mkubwa, na mkubwa mpya alitaka kuonekana mwema, wakafungua mageti, wakatoka wezi, wakatoka wauaji, na mume wangu akatoka. Alirudi na neno moja: amesamehewa. Amesamehewa! Nikamuuliza, "Kosa gani?" Akasema hakuuliza, aliogopa wangekumbuka. Kamyo hakupewa tena, kwa sababu mtu aliyebeba waasi hawezi kupewa mali ya État. Yule mwingine aliiendesha mpaka ikafa mikononi mwake.

Hakuwa amepumzika vizuri wazee wa ukoo wetu wakamwita. Walikuwa wamesikia, Butembo nzima ilikuwa imesikia, kwamba alilala katika kitanda cha mama mukwe. Wakakaa chini, wakamuuliza, akaeleza tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyemkata neno. Wakamtoza mbuzi. Alilipa mbuzi mnene kuliko waliyemwomba, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Nikamuuliza anafurahia nini. "Hawa bamenipatiliza juu ya kintu nilifanya," akasema.

Juu ya mama hakuwahi kuwa na neno baya. Mimi nilikuwa nalo, nakubali, kuna siku nilikuwa namwangalia mama anakula nikamkasirikia sana. Yeye alikuwa ananizuia. "Muache. Alisema kweli. Siku ile haikuwa miguu yangu." Mais mama hakumsukumia tena sahani chini ya mkeka. Alituma watoto. Mume wangu alipokuja kusalimia, mama alitoka mlango wa nyuma akakaa shambani mpaka aende, na ile haikuwa bukwe tena, sisi tulijua bukwe inavyokuwa. Hakutaka kuona ile miguu.

Ikaenda hivyo miaka mingi. Wakaja wakubwa wengine, uasi mwingine, masoda wengine na maswali yale yale. Mama akazeeka, macho yakafunikwa na utando mweupe, mwisho yakazima kabisa. Nikapanda kumuuguza. Tukamrudisha katika kitanda chake kwa nguvu, maana nguvu za kukataa zilikuwa zimemwisha. Asubuhi moja akaniuliza kama mume wangu amekuja. Nikasema amekuja, yuko nje kama kawaida.

"Mwambie aingie," akasema. "Macho imekufa. Bukwe inamuchunga nani sasa?"

Nikatoka kumwita. Mume wangu akafika mlangoni, akasimama, mzee mwenye mvi, akavua viatu. Akaingia katika kile chumba kwa mara ya pili ya maisha yake. Akakaa ukingoni mwa kitanda alichotozwa mbuzi kwa ajili yake, hajui aweke mikono wapi.

Mama akanyoosha mkono. Nilifikiri anatafuta mkono wake, nikataka kuusaidia, akanipiga kofi kidogo nimwache. Mkono ukashuka chini ya goti, ukafika kwenye kifundo, ukatembea polepole mpaka vidoleni. Ukahesabu. Ukakipata kile kilicholala juu ya mwenzake.

"Njo hii," mama akasema.

"Mama," mume wangu akasema. Hakuwahi kumsemesha uso kwa uso tangu anioe.

Alikuwa amegeuza uso kwake, macho meupe yamefunguka wazi, anamwangalia mbele yetu sote. Kile kidole alikuwa amekishika kwa nguvu zote zilizobaki.

"Mwende Beni," akasema. "Mumwite ule juge. Mi sitaachilia mupaka afike."

Hakuna aliyekwenda Beni. Mume wangu alikaa pale, hakuvuta mguu.